Mbayuwayu Hakutoka Ulaya

Kigongo, Jumamosi jioni

Kabula mwanangu,

Watu waliosoma wakiandika barua huanza kwa kuulizana hali. Yako naijua. Umeondoka hapa saa tisa na khanga ya mama yako begani, umekwenda Usagara kumuaga shangazi yako, na ukirudi utasema umeshiba, wakati mimi hapa nimeshakaanga sato mzima kama wa harusi. Hali yangu mimi unadhani unaijua. Ndiyo maana nimekaa kwenye meza yako, na kalamu yako, na karatasi nilizochana katikati ya daftari lako jipya. Daftari utanisamehe. Mwandiko wangu ni nyayo za kuku aliyekimbizwa, lakini unasomeka. Shule niliiacha darasa la tano kwa hiari yangu, hakuna aliyenifukuza, na nasikia siku hiyo mwalimu wa hesabu alilia. Wengine wanasema ilikuwa furaha. Kulia ni kulia.

Mambo ya safari nayaruka. Basi linaondoka alfajiri, tiketi unayo, maji ya huko Tunduru utayachemsha bila mimi, na akitokea mwanaume wa kukuambia ana shamba la mikorosho lisilo na mwisho, umri unao wa kumuuliza liko wapi. Hayo shangazi yako atakuwa ameshakujaza masikio. Mimi nataka kuandika juu ya siku ile kivukoni. Unaijua ni ipi. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Hujawahi kuitaja, na mimi mwenye mdomo usiojua kulala sijawahi kuitaja, na kesho unakwenda.

Nianzie nyuma kidogo, maana mengine ulikuwa mdogo hukuyaona.

Mama yako alipofariki ulikuwa na miaka saba. Watu wakasema mtoto wa kike apelekwe kwa bibi yake, mwanaume peke yake hawezi. Nikawajibu kwa kifua: mimi nimefanya kazi melini mpaka Kisumu na Port Bell, nimekula sambusa na Waganda, nimebishana bei na Wajaluo nikashinda, mtoto mmoja atanishinda? Wakasema huyu baba ni shujaa. Nilifurahi waliposema hivyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kufungua mlango wa nyumba isiyo na mtu. Sikukubakiza kwa ushujaa, Kabula, nilikubakiza kwa uoga. Bibi yako alilijua hilo akanyamaza, ndiyo heshima aliyonipa.

Basi ukawa ukitoka shule unakuja moja kwa moja kivukoni. Kazi yangu unaikumbuka: malori katikati, magari madogo pembeni, pikipiki zitajua zenyewe, ng'ombe nyuma kabisa, kisha nafungua kamba tunakwenda Busisi, tunarudi, tunakwenda. Ninyi watoto wa ardhini mnadhani kazi ile ilikuwa ya kamba. Kazi yangu ilikuwa kuchekesha. Kila safari watu wapya, nusu saa ndani ya maji, hawana pa kukimbilia. Nilikuwa na vichekesho vya wagonjwa, vya maharusi, vya mapadri. Wafanyabiashara wa Sengerema walikuwa wanakiacha kivuko kimoja ili waje wapande changu. Huo si uongo, waulize.

Chini ya ile ngazi ya chuma ya kupandia chumba cha nahodha walijenga ndege wawili. Walibeba tope la ufukweni kwa midomo, tonge moja moja, wakalibandika kwenye chuma hadi likawa kikombe kilichokatwa nusu, ndani wakatandika manyoya. Mwanzoni nilifikiri ni vichaa. Nani anajenga nyumba kwenye kitu kinachotembea? Wakataga. Jike likakaa, na kivuko kikaenda na kurudi naye amekaa vilevile, kichwa tu kinaonekana, kama abiria aliyelipa msimu mzima. Dume lilikuwa linafuata. Tukiwa Busisi linakamata wadudu Busisi, tukiwa Kigongo linakamata Kigongo, na katikati linapita chini chini juu ya maji hadi unadhani litalowa.

Siku moja mama mmoja aliyebeba kuku akaniuliza, "Baba, hawa ni vijumbamshale?" Hilo nililijua kweli. Nikamwambia kijumbamshale hatui kwenye waya hata umbembeleze, miguu yake haimruhusu, ila hawa wanatua, kwa hiyo hawa ni mbayuwayu. Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye elimu. Lakini yule mama alinitazama kwa heshima, Kabula, na mimi heshima ikinikuta na njaa naila mpaka sahani. Nikaendelea. "Na hawa wametoka Ulaya." Akashangaa, "Ulaya!" Nikasema, "Ulaya mama, wamevuka jangwa. Huyu dume mke wake mkubwa kamwacha Italia. Huyu hapa ni nyumba ndogo." Kivuko kizima kikacheka.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo hadithi yangu kubwa. Kila safari naiongezea kitu. Mara dume hana pasi ya kusafiria, mara linatumiwa barua. Watu wakawa wanaleta wageni wao waje waone ndege wa Ulaya wa Kigongo. Na wewe uliamini. Ulikuwa unakaa kwenye ndoo iliyofunikwa chini ya ngazi, unanitazama nikisema, na macho yako yalikuwa yanasema yule ni baba yangu. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mwingine. Mama yako alinipenda, lakini mama yako alinijua.

Nahodha alitaka kukiondoa kiota kwa sababu ya kinyesi kwenye ngazi. Ukamfuata, umri wa miaka tisa, ukampa shikamoo, ukamwambia, "Mimi nitafagia." Na ukafagia. Kila siku, na kifagio cha chelewa kilichokuzidi urefu, unamwaga maji, unasugua. Nahodha akakiacha kiota. Kile kiota kilisimama kwa sababu ya mikono yako. Mimi nilichofanya ni kukisimulia.

Halafu akaja Mzee Kanji. Unamkumbuka, yule Mhindi wa mjini anayeuza vipuri vya cherehani katika duka la babu yake, aliyekuwa anavuka kila Jumatano kwenda kwa mafundi wa Sengerema. Alikuwa na darubini shingoni, na watu walidhani ni mpelelezi. Mtu mpole, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Alinisikiliza nikiwaeleza watu habari za Italia, akatabasamu, hakunisahihisha. Huo ndio ustaarabu. Alikwenda kukaa karibu na ndoo yako akakupa darubini.

Mlizungumza Jumatano nyingi. Mimi nilikuwa napita nasikia vipande vipande. "Tazama kifua, mwanangu. Kuna mstari mweusi?" "Hakuna, mzee." "Ni rangi gani toka kidevuni mpaka mkiani?" "Nyeupe. Nyeupe tupu." "Na kofia?" "Nyekundu ya kutu." "Na mkia?" Ukasema una nyuzi mbili, kama waya. Akacheka, akakuambia wataalamu nao wameuita hivyohivyo, mkia wa waya. Akakuambia yule wa Ulaya ni mwingine. Yule koo lake ndilo jekundu, na chini ya koo ana mstari mweusi kama mtu aliyevaa tai, naye huja kwa makundi mvua za vuli zikikaribia, anajaza nyaya za umeme mpaka zinapinda, na kabla masika haijaisha ameondoka. Hajengi huku. Kwetu anakuja kula tu. Huyu wa kofia ya kutu hatembei kwa makundi, yuko na mwenzake, wawili wawili, karibu na maji, mwaka mzima. Huyu ni wa hapa.

Uliyaandika yote nyuma ya daftari la hesabu, ukachora. Niliyaona. Ulichora ndege wawili, mmoja na tai, mmoja bila, na mishale, na maneno madogo madogo. Niliyaona usiku uliotangulia siku yenyewe, nikafunga daftari, nikasema moyoni, haya, nimekamatwa.

Sasa hapa ndipo nataka usome polepole.

Mimi nilikuwa najua. Kabla ya Mzee Kanji, kabla ya daftari lako. Miaka ile yote nilikuwa kwenye kile kivuko kila mwezi wa Mungu. Nilikuwa naona nyaya za barabarani zikijaa mbayuwayu, kisha zikibaki tupu, na wetu wawili chini ya ngazi wako palepale. Mwezi wa sita wapo. Mwezi wa saba wanalalia mayai. Mtu anayeishi nao namna hiyo hahitaji darubini. Nilijua wale wa Ulaya ni wengine, na nilijua wetu hawajawahi kwenda hata Geita. Lakini mtu gani atavuka maji kuja kuona ndege wa Kigongo? Nikabaki na Italia yangu.

Siku ile ilikuwa ya mnada, kivuko kimejaa mpaka kwenye mlango wa mbele. Nilikuwa nimepamba moto. Nimefika kwenye mke mkubwa wa Italia, watu wameshaanza kucheka, ndipo ukasimama juu ya ndoo yako. Hukuwa na kiburi, hilo nalikumbuka vizuri. Ulikuwa na furaha. Ulikuwa unaniletea zawadi.

"Baba! Baba, hawa si wa Ulaya. Wa Ulaya wana mstari kifuani. Hawa ni wa hapahapa, hawaondoki!"

 Kijana mmoja aliyekuwa anapeleka mbuzi mnadani akasema, "Mzee, umeumbuliwa na mtoto!" Kicheko kikaja, na kwa mara ya kwanza hakikuja kwa sababu nimekiita. Kilikuwa juu yangu.

Kulikuwa na maneno mengi mdomoni mwangu, maana mimi sikosi. Ningeweza kusema, "Jamani, huyu ndiye mtaalamu wangu, msikilizeni." Wangecheka vilevile na kukupigia makofi. Neno hilo lilinijia. Nililiona kabisa, likapita. Nikachukua jingine.

Nikasema, "Mpisheni, mpisheni Profesa Kinyesi! Amefagia mavi ya ndege miaka miwili, sasa ametunukiwa shahada!"

Kabula, walicheka mpaka kivuko kikayumba. Nilishinda. Na mimi nikaongeza, nikachukua kifagio chako nikakuvisha begani kama joho, nikakuzungusha uwapungie watu. Ukazungushwa. Hukulia. Ulishuka kwenye ndoo, ukachukua kifagio, ukafagia pale chini ya ngazi mpaka pakawa safi, ukakiegemeza mahali pake. Tulipotia nanga Kigongo ulitembea kwenda nyumbani bila kunisubiri. Kesho yake hukuja. Ukawa unatoka shule unakwenda kwa bibi yako.

Jina likakufuata. Sikujua lina miguu namna ile. Vijana wa kivukoni walilichukua, wadogo zao wakalipeleka shuleni kwenu, na mpaka unaingia sekondari kuna watu walikuwa wanakuita Profesa Kinyesi njiani, na mimi nikiwepo. Mara moja tulikuwa pamoja, tumebeba unga kutoka kusagisha, mtu akaliita akiwa juu ya baiskeli, na wewe ukageuka ukanitazama. Ulitaka kuona kama nitasema kitu. Nikajifanya nafunga mfuko.

Bibi yako aliniita. Nilikwenda nikitabasamu, nikadhani ananiitia viazi. Hakunikaribisha kiti.

"Umemtania mtoto mbele ya watu?"

"Mama, ni utani tu."

"Utani na nani? Mjukuu ni mtani wangu mimi. Mimi namwita mke mwenzangu, naye ananiita kizee kisicho na meno, tunacheka, tunakula. Wewe ni baba yake. Nani alikupa utani na mtoto wako?"

"Nilikosea, mama."

"Umemwambia yeye?"

Nikasema nitamwambia. Akaniambia, "Mtani akikuumiza, unamrudishia, mnalingana. Mtoto atakurudishia nini?"

Nilitoka pale nimekasirika. Nilisema moyoni, mambo ya kizee, mambo ya zamani, nani siku hizi anafuata mipaka ya utani. Mimi ni mtu wa dunia, nimefika Port Bell. Leo nina mvi mpaka kwenye nyusi na sijaona mtu aliyewahi kunieleza jambo kwa usahihi kuliko yule mwanamke asiyejua kusoma. Amekufa nikiwa bado sijakuambia. Pale msibani uliniletea maji ya kunawa, ukasema, "Baba, nawa," nikataka kusema, nikasema mzaha kuhusu waombolezaji wa kutoka Magu wanavyokula. Ukacheka kidogo.

Kile kicheko ndicho ninachokizungumzia. Tangu siku ile ya mnada hujawahi kuwa na utovu wa adabu kwangu, hata siku moja. Shikamoo yako haijakosekana. Ukinikuta naongea unakaa, unasikiliza, pakifika mahali pa kucheka unacheka. Unacheka kama abiria. Nusu saa, kwa adabu, kisha unashuka unakwenda zako.

Na hukuniletea tena kitu chochote. Ulipokuwa wa kwanza darasani nilimsikia mwalimu wako. Ulipougua malaria bwenini niliambiwa umeshapona. Na hii ajira, unajua nilivyoipata habari? Mama Sayi, jirani yetu anayekaanga mihogo, alinisimamisha njiani na mkono wenye unga, "Hongera baba Kabula! Binti kapata ajira, mwalimu wa sayansi, Tunduru!" Mimi nikasema, "Aah, mbona ya zamani hiyo! Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia aombe." Akasema, "Kweli wewe ni baba." Nikanunua mihogo nisiyoitaka, nikaenda kukaa kwenye mawe kule ilikokuwa foleni ya magari, nikaila yote nisijue ladha yake.

Wewe uliniambia wiki ya tatu baada ya hapo. "Baba, nilikuwa nangoja upate nafasi." Nafasi! Mimi, Kabula? Tangu daraja lifunguliwe na kivuko kipumzishwe mimi nina nafasi kuliko ziwa. Magari yanapita juu hayasimami, hakuna anayesubiri chochote hapa, akina mama wa samaki wa kukaanga wamehama, na mtu mwenye vichekesho vya miaka ishirini anavisema kwa nani? Wakati mwingine nasimama chini naangalia malori yakipita kule juu, nasema, "Lori katikati, wadogo pembeni." Haya, lakini ulipofika kuniambia nilifanya nini? Nikasema, "Tunduru! Huko si tembo ndio wanasahihisha mitihani?" Ukacheka kama abiria. Ukaenda kufua.

Kuna jambo moja ambalo hulijui, nalo silitaji ili nisifiwe, ingawa ukinisifu sitakataa. Ulipoacha kuja kivukoni, nilifagia mimi. Miaka yote. Niliwahi kabla wenzangu hawajafika ili wasinione, nikasugua ile ngazi na maji ya ziwa. Kiota kilivunjika mara kadhaa, wakakijenga tena palepale, tope juu ya tope. Na kwa kuwa nilikuwa na mdomo umefungwa kwa mara ya kwanza maishani, nikaanza kuona. Niliona dume nyuzi zake za mkia ni ndefu kuliko za jike. Niliona makinda kofia zao hazijawa nyekundu bado, ni kahawia, kama kofia ya kuazima. Niliona kwamba siku kundi la makinda linaporuka kwa mara ya kwanza, wazazi hawasherehekei, wanahangaika, wanaita, wanalisha watoto hewani, mdomo kwa mdomo, bila kutua. Na jioni, nilishangaa sana, wale makinda ambao mchana wameruka kama wakubwa wanarudi wote kujibana kwenye kikombe kilekile, vichwa nje, mkia juu ya mkia, hawaenei. Siku kadhaa wanafanya hivyo. Halafu siku moja hawarudi, na wazazi wanalala wawili pembezoni mwa kiota kitupu.

Nilikuwa sina wa kumwambia. Wewe ndiye uliyekuwa mtu pekee hapa Kigongo ambaye angetaka kusikia. Nilikuwa narudi nyumbani nimejaa, nakukuta unasoma, nafungua mdomo, unatoka mzaha wa nahodha na soksi zake.

Kivuko kilipotolewa nilikwenda chini ya daraja, upande wa ufukweni, kuangalia. Wapo. Wamebandika tope kwenye zege, wawili wawili, kifua cheupe, kofia ya kutu. Sisemi ni walewale wa kwetu. Nimeacha kusema nisichokijua, au nimepunguza, maana kuacha kabisa kutaniua.

Mimi si mtu wa kumpa mwalimu mawaidha. Lakini unakwenda kusimama mbele ya watoto sitini, na nina hakika kabisa, kama ninavyojua harufu ya dagaa, kwamba siku moja utasema jambo kwa ujasiri, na kitoto fulani huko nyuma, chenye sare ya kurithi, kitasimama na kusema, "Mwalimu, si hivyo." Na darasa litacheka. Neno zuri litakujia kwanza, Kabula. Lilinijia hata mimi. Ni fupi na halina utamu, na nyuma yake kuna jingine tamu sana linasukumana lipite. Chukua lile la kwanza. Sema tu, "Ehe, endelea." Zaidi ya hapo sina ninachojua.

Naomba radhi. Nimeandika mara tatu na kuchana, mara zote kulikuwa na kichekesho mwishoni. Sasa hakipo: ulisema kweli, nilijua unasema kweli, nikakuaibisha ili nisiaibike mimi. Ulikuwa mtoto. Nisamehe, mwanangu.

Barua hii sitaificha kwenye begi uikute Dodoma, huo ungekuwa uoga mwingine. Nitakupa mkononi ukishakula, kisha nitatoka nje nikakae kwenye benchi. Kama hutaki kusema kitu, usiseme, bado nitakupeleka stendi na sanduku lako nitalibeba kichwani. Na kesho stendi unanijua, nitaanza na kondakta, nitaendelea na wauza maji, nitawachekesha watu wa basi zima. Usicheke nao. Niulize tu, "Baba, una nini?" Uliza hata kwa sauti, mbele yao wote. Nitakujibu mbele yao wote.

Nasikia pikipiki inashuka njia ya ziwani. Imesimama kwenye kona ya Mama Sayi, ni wewe, unalipa. Yule dereva anacheka. Umemwambia kitu, na anacheka mpaka amezima pikipiki, na umemwambia kingine, na sasa Mama Sayi naye anacheka. Nimesimama dirishani na kalamu. Sauti yako siisikii vizuri, nasikia wao tu.

Kumbe unachekesha watu, Kabula. Tangu lini? Mimi nilikuwa sijui.

Baba yako